Mama Aliyetengenezwa Mezani

Kwaruu, ta. Kwaruu, ta.

Usiku ulikuwa umeshaiva, umeme umekatika tangu jioni, maghorofa yote ya mtaa wa Jemo kimya, na Wubit amelala ubavu na mwanawe Nahom kifuani, sauti ile ilipoanza kupanda ngazi. Kiatu kimoja kinaburuzwa juu ya saruji, kingine kinatua. Mlevi wa ghorofa ya juu, akajisemea. Lakini mlevi huyo akipanda hupumzika, hutukana ngazi, huangusha funguo. Huyu hakupumzika. Alipanda kwa mwendo uleule mpaka mlangoni kwake, akasimama.

Aliposimama, mtoto aliacha kunyonya.

Hakulia. Aliliachia titi, akageuza kichwa gizani kuelekea mlangoni, akacheka kile kicheko chake kinachokwama kooni kama kikohozi. Chini ya mlango ikapenya harufu ya samli, ile ya kupaka nywele, iliyokaa kichwani mpaka ikachacha. Halafu kwaruu, ta, kwaruu, ta, ikashuka zake.

Wubit hakupata usingizi tena, na si kwa kuogopa wezi. Ni kwamba sauti ile alikuwa anaijua. Alijigeuza mpaka alfajiri akiitafuta kichwani, ya nani, ya wapi, ya lini, asiipate.

Aliipata kazini, akiwa amesimama mbele ya ukuta na mkoba bado begani. Ukutani palikuwa na picha aliyochora mwenzake Tigabu, ya mwanamke mwembamba aliyejifunga shuka jeupe, nywele zimelowa samli, na mguuni, kiatu cha plastiki kisigino kimekatika kikafungwa waya. Waya ndio uliokuwa unakwaruza. Na mwanamke huyo hakuwepo duniani. Walikuwa wamemtengeneza wao wenyewe, juma lililotangulia, pale mezani.

Kampuni yao ya matangazo ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo moja kule mtaa wa Kazanchis, na bosi wao, Dagmawi, alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Alianza maisha akichora vibao vya maduka kwa rangi ya mafuta, hakusomea popote, na labda ndiyo sababu aliamini mambo ambayo waliosomea hawayaamini. Alisema wazo la kwanza ni la kila mtu, litupe, na la pili ni la jirani, litupe pia. Alisema tangazo haliandikiwi watu, linaandikiwa mtu, na mtu huyo lazima umtengeneze kwanza mpaka umsikie anapumua. Kwa hiyo kila kazi mpya ilipoingia walikaa kwa kahawa, wakatandaza majani mabichi sakafuni, wakawasha ubani, wakaacha kiti kimoja kitupu na mbele yake kikombe kilichojaa. Halafu kila mmoja alikipa kile kiti kitu kimoja, kwa mdomo wake. Nakupa hiki. Nakupa kile. Ikifika duru ya tatu ya kahawa, ile ya baraka, mtu ameshazaliwa.

Walishawatengeneza wengi, kijana wa soda, mzee wa bima, binti wa mafuta ya nywele, na kazi ikiisha picha inang'olewa ukutani, biashara imekwisha. Hakuna aliyewahi kupanda ngazi za mtu.

Wubit yeye aliingia pale kupokea simu, na cheti cha kumaliza sekondari tu. Siku moja alibandika jikoni karatasi ya kuwasimanga wasioosha vikombe vyao, Dagmawi akaisoma akacheka mpaka akashika ukuta, akamwambia kesho usikae kwenye simu, kaa na waandishi. Tangu hapo alikuwa mwandishi, mgongo kwa mgongo na Tigabu mchoraji, ambaye alisomea kuchora watakatifu wa makanisani na sasa anachora pakiti za biskuti. Kisha akajifungua, akakaa nyumbani, akarudi na kukuta kuna wasichana wapya wenye maneno mepesi kuliko yake, na kila akikosa wazo anaiona ile simu ya mapokezi inamsubiri. Ndiyo hali aliyokuwa nayo siku ilipoingia kazi ya unga wa uji wa watoto.

"Nakupa jina," Dagmawi alianza siku hiyo, akikitazama kiti. "Zenebech. Jina la mvua."

"Nakupa viatu," akasema Tigabu. "Vya plastiki. Cha kushoto kimekatika, umekifunga waya."

"Maskini ya Mungu!" Wubit akadakia. "Mbona unamtesa mwenzio hata hajakaa?"

"Nikimpa viatu vya Bole kwa matajiri, Wubiye, nitajikuta nimekuchora wewe."

Wakacheka. Mwingine akatoa nyumba, mwingine samli ya nywele. Zamu ikafika kwa Wubit, na Wubit usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala, maziwa yamejaa mpaka yanamlowesha blauzi kwenye kikao, kichwani hana kitu. Akasema, "Nakupa mtoto."

"Mtoto gani?" Dagmawi akamkazia macho. "Mtoto ni neno tu, Wubit. Hata yule aliye kwenye simu angeweza kusema mtoto. Nataka nimnuse."

Ndipo akatoa wake. Si kwa kufikiri, kwa kuchoka tu, kama mtu anavyochomoa kitu kilicho karibu na mkono. Alisema ana alama nyeusi nyuma ya sikio la kulia, akinyonya hulishika sikio hilo, akicheka kicheko humkwama kooni. Jina? Nahom. Lilimtoka. Na kwa kuwa Dagmawi alisema mkabidhi basi, mkabidhi vizuri, Wubit alinyoosha mikono yote miwili juu ya meza, kama unavyompokeza mtu mtoto aliyelala, akasema mbele yao wote, moshi wa ubani ukipita katikati, "Bi Zenebech, nakupa Nahom. Mlee."

Walimpigia makofi. Dagmawi, ambaye ndiye hufunga, alisubiri duru ya tatu. "Mtu asiye na kidonda hanunui kitu," akasema. "Nakupa kidonda. Kabla ya huyu ulikuwa na mwingine. Alikufa kwa njaa kifuani pako, ziwa limekauka, na wewe bado unamnyonyesha."

Baadaye, wakikusanya vyombo, kikombe cha kiti kitupu kilikutwa kimebaki machicha tu. Wubit akamwambia Tigabu, una njaa gani wewe ya kunywa kahawa ya mtu. Tigabu akaapa hajakigusa, na wakaliacha hapo, maana nani anagombana kwa kikombe cha kahawa?

Sasa alisimama mbele ya ile picha, akautazama waya.

Jioni hiyo aliporudi, mama yake, Tewabech, alikuwa barazani anaanua pilipili. Ndiye aliyemlelea mtoto mchana, maana Sirak, mume wa Wubit, alikuwa mbali kusini kwenye mradi wa barabara. Macho ya mama yalishaingia utando, vitu anaviona kama kwenye ukungu, lakini mikono yake ilijua kila kitu mle ndani.

"Umeamua kuja mara mbili siku hizi," mama akasema. "Vizuri. Lakini hata kunisalimia? Unaingia, unanyonyesha, unatoka, kama mwizi."

"Lini, Mama?"

"Leo si ulikuja mchana? Na jana. Na hiyo samli unayojipaka, mwanangu, mbichi tafuta, hiyo imekufa."

Wubit aliuweka mkoba chini polepole. "Mama, mimi sijatoka ofisini."

"Acha utani wa mjini."

"Mama. Sijatoka."

Bi Tewabech aliacha pilipili. Ndani, Nahom alikuwa anacheka peke yake. Wubit alikimbia, akamwinua, akamtolea titi, na mtoto akaligeuzia uso, ameshiba, tumbo limekaza kama ngoma, pembeni mwa midomo pana ukoko wa maziwa ambayo si ya mama yake.

Kesho yake alimfuata Dagmawi, akamwambia yote kwa mkupuo, sauti chini, mlango umefungwa. Dagmawi alimsikiliza hadi mwisho. "Umechoka," akasema. "Nyote mmechoka, na mama yako haoni. Lakini sikia hii. Jana wateja wamesikiliza tangazo uliloandika. Yule mama mwenye kiwanda alilia, Wubit. Alilia! Kuanzia mwezi ujao wewe ndiye mwandishi mkuu, wasichana wote chini yako."

Siku nyingine angeruka. Siku hiyo aliomba ruhusa mchana, akasema tumbo linamuuma, akaenda nyumbani.

Alipanda ngazi amevua viatu, kavishika mkononi. Mchana kweupe, redio za watu zinaimba, mtu anafua nguo za watoto chini uani, dunia nzima iko macho, na bado kadiri alivyopanda ndivyo harufu ya samli ilivyozidi, mpaka mlangoni ilikuwa nzito kama shuka la mgonjwa, na mlango uko wazi kidogo, na mama yake yuko barazani amegeuza mgongo, hajui kitu, na kutoka chumbani Wubit akasikia wimbo wa kubembeleza mtoto, ule anaouimba yeye, kwa sauti yake yeye, na mahali pale anapoishiwa pumzi yeye, huyo naye akaishiwa pumzi, basi akausukuma mlango kwa kidole kimoja, akamwona mwanawe amelala ubavu juu ya kitanda lakini kichwa chake hakikugusa kitanda, kimeinuka hewani kiasi cha unene wa mkono wa mtu, kimetulia pale pasipo na mkono, na mashavu yanavuta, yanavuta, koo linameza, mkono umeshika sikio la kulia, na pembeni ya mtoto godoro limebonyea, refu, kuanzia begani mpaka nyonga, kama panapolala mwanamke.

Wimbo ukakatika. Nahom akamtazama mama yake juu ya lile bonde la godoro. Akaanza kulia, kile kilio cha mtoto akiona mgeni.

Bi Tewabech hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alifunga shuka lake, akambeba mjukuu mgongoni, wakaenda kwa Bi Shitaye, mwanamke anayezungumza na wasioonekana, anayekaa nyuma ya maduka ya mataili kule Merkato. Mnene, mcheshi, simu mbili kifuani, chumba chake kimejaa mashuka ya rangi na kelele za mafundi nje.

"Kaa, mwanangu. Usinitazame kama daktari wa serikali, sina sindano." Akapuliza makaa, akatupia ubani. "Kazi yangu rahisi. Namuuliza wewe nani, umetoka wapi, unataka nini. Kondoo mwekundu, manukato, gauni, tunapatana, anakwenda. Wana tamaa tu, kama wakubwa wa mtaa."

Alimfunika Wubit shuka kichwani. Moshi ukajaa. Wubit aliusikia mdomo wake unafunguka kabla hajataka kuufungua.

"Wewe nani?"

"Zenebech."

"Nani alikupa jina?"

"Dagmawi."

Bi Shitaye akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Baba yako nani?"

Kimya.

"Mama yako? Kabila lako? Mto gani, mlima gani, kaburi la nani?"

Kimya, na ndani ya kimya hicho Wubit akahisi kama kisima, mtu anatazama chini kisimani hakuna maji, hakuna mwisho.

"Binti, nakuuliza umetoka wapi!"

"Mezani," mdomo ukajibu.

Bi Shitaye alimfunua shuka harakaharaka, akamwaga kahawa juu ya makaa yakazima kwa kishindo cha mvuke. Ucheshi ulikuwa umemtoka usoni. Akadai aelezwe, na Wubit akaeleza, na kadiri alivyoeleza mama yake alizidi kumkumbatia mtoto.

"Nimeshaona wa mito," Bi Shitaye akanong'ona, "wa makaburi, wa kurithi kutoka kwa bibi. Wote wana kwao. Mwenye kwao unampa nauli anarudi. Huyu nimrudishe wapi? Nyie watu, hamkumwita jini. Mlitengeneza nyumba, mkaipamba, mkaacha mlango wazi, na kitu fulani kisichokuwa na chochote kikapita kikaona hapa panakaliwa. Halafu wewe ukampa kilicho hai."

"Sikujua. Ilikuwa kazi tu."

"Wengine walitoa uongo. Wewe ulitoa mtoto." Akafuta jasho. "Mlimpa kwa midomo, mkamnyang'anye kwa midomo. Meza ileile, kila mmoja achukue alichotoa. Lakini vyote, unanisikia? Mkibakiza kimoja, bora msianze."

Tigabu ndiye aliyewakusanya wenzao ofisini. Hakuuliza maswali. Alisema juzi aliichora tena ile picha na uso ukatoka tofauti, akaifuta akachora tena, ukatoka uleule asioujua, na tangu siku hiyo hachori akiwa peke yake chumbani. Wakakaa asubuhi, kahawa, ubani, majani, kiti kitupu. Dagmawi alikuja akitabasamu kama anayekuja kwenye sherehe ya watoto, simu mkononi.

"Haya, tumalize mchezo, kuna kazi."

Tigabu akaanza. "Bi Zenebech, nachukua viatu." Na wote wakasikia chini ya meza kitu cha plastiki kikidondoka, na hakuna aliyeinama kutazama. Mwingine akachukua nyumba, mwingine akachukua samli, na ile harufu, ambayo Wubit alikuwa ameshaizoea puani kama jasho lake, ikakatika mara moja kama taa.

Wubit alinyoosha mikono mitupu juu ya meza. "Bi Zenebech, nisamehe. Nachukua mtoto wangu. Nachukua Nahom." Uzito ukashuka mikononi mwake, uzito wa mtoto hasa, ukakaa kidogo, ukayeyuka.

Tabasamu la Dagmawi lilikuwa limekwisha. "Nachukua jina," akasema.

"Na kidonda, bosi," Tigabu akasema.

Dagmawi alikitazama kile kiti.

"Bosi, na kidonda!"

"Keshokutwa tangazo linaanza redioni," Dagmawi akasema taratibu. "Kidonda ndilo tangazo lenyewe. Nimeona sasa hivi mnavyochukua. Harufu imekwenda. Nikichukua kidonda, kile kilichomliza yule mama si kitakwenda?"

"Bosi, mwanangu anachukuliwa," Wubit akamwambia. Alishapiga magoti. "Mzee wangu Dagmawi, wewe ni kama baba yangu, sema neno moja tu. Sitaki ukuu, nirudishe kwenye simu, nifukuze, lakini kichukue."

Na jambo baya ni kwamba hakukataa kwa kutoamini. Ingekuwa haamini angelisema, neno lingemgharimu nini? Alikataa kwa sababu aliamini. "Maisha yangu yote nimeuza sabuni," akasema, na macho yake yalikuwa na maji. "Nimepaka rangi vibao vya watu hadi leo. Hili ndilo langu la kwanza lililomliza mtu. Umeshamchukua mtoto wako, Wubit. Hana jina, hana miguu. Atakuja na nini?"

Akainuka, akaingia ofisini kwake, akafunga kwa ufunguo. Tigabu alimgongea mpaka ngumi zikavimba.

Siku mbili hivi zilikuwa nzuri. Nahom alinyonya kama aliyetoka safari, akalia njaa, akamng'ang'ania mama yake nywele, na Bi Tewabech akaimba jikoni. Wubit hakurudi tena kazini. Alikaa anasikiliza ngazi, na ngazi zilikuwa kimya, na alifurahi kwa ukimya ule mpaka jirani alipofungua redio dirishani.

Lilikuwa tangazo. Mama anamnyonyesha mtoto aliyekwisha kufa. Maneno yake mwenyewe, Wubit, aliyoyaandika na maziwa yakimlowesha. Katikati ya maneno yale Nahom aliliachia titi.

Hapakuwa na harufu. Hapakuwa na kiatu. Hakuna mlango uliosogea, na Wubit akageuka huku na huku chumbani akitafuta dalili yoyote ya kumwambia yule amesimama wapi, kulia, kushoto, nyuma ya pazia, juu yake, na ndipo alipoelewa kwamba vile vitu walivyomnyang'anya ndivyo vilivyokuwa vikiwaonya. Godoro likabonyea taratibu. Mtoto akakigeukia kitu, akaanza kunyonya hewa.

Safari hii koo halikumeza. Mashavu yalivuta, yakavuta, na sauti ilikuwa kavu, kama mtu anafyonza kitambaa. Mwanzo yule mwanamke alikuwa amepewa mtoto wa kulea, akamshibisha. Sasa wamemwachia kidonda peke yake, na kwenye kidonda hicho ziwa limekauka na mtoto yuko kifuani anakufa. Hakuwa na kingine cha kumpa Nahom. Na Nahom hakutaka kingine. Titi la mama yake alilipigia makelele, uji aliutema, maji aliyatema. Akikaribia kile kitu kisichoonekana anatulia, ananyonya ukavu, anatabasamu. Mbavu zikaanza kujitokeza.

Zahanati walimtundikia maji, akayachomoa. Daktari alisema hana ugonjwa. Maji ya baraka kanisani yalimwagika juu yake kama juu ya jiwe. Wubit akarudi kwa Bi Shitaye, safari hii bila mama, akamkuta amesimama mlangoni, hamkaribishi ndani.

"Nimuite nani, mwanangu? Hana jina. Nikipaza sauti ataitika nani?"

"Basi niambie nifanye nini."

Mwanamke akatazama huku na huku kati ya mataili. "Umemsimulia nani habari hizi?"

"Mume wangu, kwa simu."

"Akasemaje?"

"Alimlaani bosi. Halafu akasema, maskini yule mama, kufiwa hivyo."

"Umeona? Hata yeye amempa kitu, huruma, na huruma inamtia nguvu. Na mji mzima unamsikia redioni kutwa, unampa hichohicho. Wa redioni huwawezi. Lakini wewe funga mdomo, usimwongezee." Akaanza kuvuta mlango. "Hapa usirudi. Nina wajukuu."

Alasiri hiyo mvua ilinyesha. Bi Tewabech alikuwa jikoni, na Wubit amekaa ukingoni mwa kitanda anamtazama mwanawe anavyofyonza ule ukavu, polepole sasa, kwa mapumziko marefu, kama saa inayoisha. Kifua chake mwenyewe kilikuwa kimejaa kinauma mpaka makwapani. Alilia mpaka akamaliza. Kisha akafungua vifungo vya gauni, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeongea na mke mwenza.

"Dada. Sikuja kukufukuza. Wala sijui nikuite nani. Najua unampenda, naona. Lakini hana muda, dada, na wewe huna maziwa. Mimi ninayo. Njoo uyachukue yote, ukampe wewe. Sidai anijue. Nitafua nguo zake, nitamwogesha ukiniruhusu, nitakaa pale kona. Ila asife. Nakuomba asife."

Mvua ikapiga dirisha. Halafu kitu baridi kikamgusa kifuani, kikavuta, mara moja tu, kwa nguvu iliyomtoa pumzi. Maumivu yakaisha. Akajishika, akakuta ngozi tupu, laini, ya mwanamke ambaye hajawahi kuzaa, na hapo hapo akasikia koo la Nahom linameza. Likameza tena. Maziwa yakamchuruzika mtoto shavuni, meupe, ya moto, yanatoa mvuke kwenye baridi ya mvua. Wubit alinyoosha kidole ayafute, na mtoto akakitazama kidole kile, akakunja uso, akajisogeza mbali naye.

Bi Tewabech alisikia, akaja mbiombio akipapasa ukuta. "Anakula? Wubit, anakula?"

"Anakula, Mama."

"Mungu mkubwa!" Bibi akasogea, halafu akasimama katikati ya chumba. Aliyapeleka macho yake yenye utando upande huu wa kitanda, akayapeleka na upande ule, akayarudisha. Mkono ukampanda mdomoni.

"Mwanangu," akanong'ona, "mbona naona mko wawili?"

Wubit aliinuka kitandani, akaenda kusimama kwenye kona karibu na pazia.

"Usipige kelele, Mama, utamshtua mtoto. Nimeshamwahidi mwenzangu nitakaa kona. Umeona wewe, basi, imetosha. Sirak akipiga simu nitasema mtoto mzima, na mtu mwingine yeyote, hata nikiulizwa kanisani, sitamwambia."